Mbio za Lamini

Wembley, London
Jumapili, 18 Mei 1997

Kwa kaka yangu mpenzi Matar,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako na kahawa yako mkononi, na nyonga haikusumbui sana kwa mvua hizi za masika. Wifi Kijakazi hajambo? Watoto hawajambo? Na yule mbuzi wenu mla nguo, bado mnaye au mmeshalipiza kisasi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Tunaambiwa Mei ndio mwezi wa maua, nami bado natoka nje na sweta mbili. Sheikha anakusalimu sana. Nilimwambia aandike mwenyewe mistari miwili kwa mjomba wake, akaandika shikamoo mjomba, kisha akaniuliza baada ya hapo watu huandika nini. Kiswahili anakisikia chote, hasa nikiwa namsema yeye, lakini majibu yote ni Kiingereza.

Wifi ameniandikia, na barua yake imeninyima raha. Anasema Alnashir ametuma salamu kwamba anakuja Unguja mwezi ujao, na kwamba anataka afike Mchekeni akuone na aione Lamini kabla serikali haijaivunja kujenga nyumba. Anasema wewe umeapa mbele ya watu kuwa akikanyaga baraza lako hutamjibu hata salamu, na mlango utamfungia usoni. Wifi ananiomba nikutulize, kwa kuwa ati mimi ndiye unayenisikiliza. Maskini Kijakazi, laiti angejua anamwomba nani.

Kaka, nina maneno ya kukwambia kuhusu jambo hilo. Lakini niache kwanza nizunguke kidogo, maana nikiyasema moja kwa moja kalamu itaniponyoka.

Unaikumbuka Lamini ilivyokuwa? Mimi naikumbuka mpaka harufu yake. Ile barabara isiyotoka kokote wala kwenda kokote, imelala peke yake juu ya mawe ya uwandani, nyeusi, imenyooka, na pande zote mbili vichaka. Nimejaribu kumweleza Sheikha, nikashindwa. Aliniuliza barabara gani hiyo haina mwanzo, nikamwambia hilo hata sisi hatukulijua. Baba alikuwa akisema Waingereza waliijenga wakati wa vita ili ndege zitue, vita vikaisha ndege hazijaja. Mwalimu Soud yeye alishikilia kuwa mkandarasi aliishika ramani juu chini, akaweka lami palipotakiwa kisima. Na mabibi wa Mchekeni hawakutaka habari za ndege wala ramani. Wao walisema lami ile ina mwenyewe, bibi anayekaa kwenye jiwe la tatu, na kila anayepita kwa kasi bila ya kumsalimu atamjua. Wewe ulikuwa ukicheka, lakini nilikuwa nakuona, kaka. Kila siku ya mashindano ulikuwa ukilimwagia jiwe lile marashi kidogo ukidhani hakuna anayetazama.

Na mashindano yenyewe! Miaka ile baada ya Mapinduzi, sukari kwa foleni, mchele kwa foleni, nguo kwa foleni, lakini ikifika Idi Pili, Mchekeni nzima inahamia Lamini kama kwamba hatuna shida hata moja. Watu wanatoka mpaka mjini kwa baiskeli. Mwanabaraka na sinia lake la kachori, tunazila na vumbi lake. Vespa na Lambreta zinapangwa mbili mbili kwenye mstari wa chokaa, zinanguruma, moshi wa buluu umetanda, na Mwalimu Soud amesimama katikati na mwavuli wake mweusi, kwa kuwa alikataa katakata kupepea leso, akisema leso ni mambo ya harusini. Mwavuli ukifunguka, nyinyi mnaondoka. Unaikumbuka siku upepo ulipoufungua kabla ya wakati, mkaondoka nyote pamoja na wale ambao zamu yao haijafika, na Mwalimu akaukimbiza mwavuli mpaka kisimani? Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini.

Lakini watu walikuja kuwatazama nyinyi wawili. Wewe na Vespa yako ya kijani, Alnashir na Lambreta yake nyeupe. Yeye mtoto wa mwenye duka pale njia panda, wewe mtoto wa mchoma chokaa, na tangu mna miaka saba haipiti siku bila ya kuonana. Mkishindana kama maadui, kisha mnakula sinia moja. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wako, na hakuna Mchekeni nzima aliyeliona hilo kuwa ajabu. Mama akisema wale wawili wakipata homa basi mmoja atatetemeka na mwengine atatoka jasho.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimekuficha miaka minane. Alnashir ni jirani yangu. Ana duka la vipuri vya magari hapa Wembley, mitaa mitatu kutoka kwangu. Mwaka ule tuliofika nilimkuta kwenye duka la mboga akigombana na muuzaji kwa Kikachi, lugha ya wazee wake, kisha akageuka pembeni akajisemea kwa Kiswahili cha Mchekeni kwamba hii si mihogo, hizi ni kuni. Nilitambua sauti kabla ya sura. Tangu siku hiyo ananiletea bamia, ananitengenezea gari, mume wangu alipolazwa alikuwa akinipeleka hospitali kila jioni. Wewe kwenye barua zako ukimtaja kwa jina la muuaji, nami nikikunja barua natoka naenda kumpa sahani ya pilau. Hayo ndiyo maisha niliyoishi, na sikuyapenda.

Jumapili iliyopita alitupeleka mimi na Sheikha mahali nje ya London, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Hakutuambia tunakwenda wapi. Tukapita mashamba ya haradali, manjano tupu, tukafika kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa wakati wa vita, hauna ndege tena. Kaka, wallahi nilishikwa na kizunguzungu. Lami imenyooka katikati ya shamba, watu wamejipanga pande mbili, wanakula chipsi kwenye karatasi, na magari yanaondoka mawili mawili, moja kwa moja, hayakati kona. Siku hiyo ilikuwa ya skuta za kizamani. Wazee wa Kizungu wenye vitambi wamezipanda Vespa zao zinang'ara, na ule moshi wa buluu ulipotufikia nilianza kulia pale pale, kanga usoni. Sheikha akanishika bega akaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Nilimwambia hii ndiyo Lamini. Akaitazama, akasema ni barabara tu, Mama. Alnashir akacheka mpaka akakohoa, akasema hata kule ilikuwa barabara tu.

Sheikha alipokwenda kununua chai, mimi na Alnashir tulikaa kwenye viti vya kukunja, na hapo ndipo nilipojua yale ambayo sikuwahi kuyajua. Lakini siwezi kukueleza alichosema yeye kabla sijasema langu. Basi kaa vizuri, kaka, na kama Kijakazi yuko karibu mwambie aketi nawe.

Ile Idi ya mwaka sabini na moja, Alnashir alikuwa nyumbani kwetu tangu jioni ya kabla yake. Alilimwaga tangi la Vespa yako akalisafisha, akasafisha kabureta, akatia petroli mpya, akaondoka. Asubuhi nilikuwa uani nasonga unga wa maandazi, wewe uko chooni unaoga. Ukaniita kwa sauti, ukasema petroli tayari, bado mafuta, hebu nitilie. Hayo nilikuja kuyajua baadaye kuwa ndiyo uliyoyasema. Maji yalikuwa yanamwagika na mimi nilisikia nusu: bado mafuta, hebu nitilie. Wewe na Alnashir mlikuwa na lugha yenu ya ufundi, petroli mkiiita petroli, na ile oili nzito ya kuchanganya na petroli, injini isikauke, ndiyo mkiiita mafuta. Sisi wengine kinachotiwa kwenye tangi chote ni mafuta. Nikafuta mikono, nikachukua lile galoni la petroli, nikajaza tangi mpaka juu. Chupa ya oili ilikuwepo pembeni ya ukuta. Sikuitazama mara mbili. Ukatoka na kanzu yako ya Idi, ukaniuliza nimeshatia, nikakujibu nimeshatia. Ukaisukuma Vespa kwa mikono mpaka Lamini kama ilivyokuwa desturi, ili injini ibaki baridi.

Yaliyobaki unayajua kuliko mimi. Mwavuli ulifunguka, ukatangulia, na kwenye jiwe la tatu gurudumu la nyuma likashika, likakurusha kwenye mawe, nyonga ikavunjika na mguu ukalemaa. Mabibi wakapiga kelele kwamba bibi wa jiwe amekushika. Mpaka leo, wifi ananiambia, watoto wa Mchekeni wanafunga vitambaa vyeupe pale, wakiogopa kushikwa kama alivyoshikwa Matar. Hakuna bibi, kaka. Injini ilikosa oili ikakauka, na pistoni ikaganda. Bibi wa jiwe la tatu ni mimi.

Nilijua siku ile ile. Hospitali nilimsikia Alnashir akimwambia Baba kwamba injini imekufa kwa ukavu, nikaikumbuka ile chupa ya oili. Niliporudi nyumbani niliikuta chupa imejaa vile vile, nikaimwaga chooni, nikaizika nyuma ya banda la kuku. Hilo ni kosa la hofu, na pengine ningesamehewa. La pili halina jina. Baba aliponiuliza nani aliigusa Vespa, nilisema Alnashir alikuwa akiishughulikia tangu jana. Nilisema kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko wote nilioutamka maishani. Wewe, kwa kuliamini lile jibu langu kuwa nimeshatia, ukaunganisha mwenyewe kwamba mshindani wako amekuharibia chombo, na ile kazi ya udereva wa gari la hospitali uliyokuwa uianze ikapotea pamoja na mguu. Na Alnashir na wazee wake walipoondoka Unguja kabla ya Idi iliyofuata, bila ya kuaga, watu wote wakasema mwenye kosa amekimbia. Nami nikanyamaza, nikaolewa, nikazaa, nikapanda ndege, bado nimenyamaza.

Sasa sikiliza alichoniambia kwenye vile viti. Nilianza mimi. Nilimwambia Alnashir, ile Vespa. Akanikatiza, akaniambia anajua. Siku ile ya Idi aliirudisha Vespa uani kwetu kabla sisi hatujatoka hospitali, akafungua tangi, akanusa, kisha akaiona chupa imejaa imesimama pembeni ya ukuta. Siku ya pili alikuja akaikuta haipo. Amejua miaka ishirini na sita, Matar. Nilimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kuitwa muuaji na mtu aliyekula naye sinia moja. Alinijibu kwamba wazee wake walikuwa wameshaamua kuondoka, na waliondoka bila ya kuaga kwa kuwa wakati ule kuaga kulikuwa hatari. Akasema yeye alikuwa anakwenda na mimi nabaki, na mtu anayebaki ndiye anayeishi na maneno ya watu. Kisha Sheikha akaja na chai, tukanywa, tukaangalia mbio.

Hajaniomba nikwambie. Hajui kwamba nakuandikia. Huko anakuja akijua unamchukia, na bado anakuja, kwa sababu anataka kukuona mkiwa bado wazima nyote wawili.

Kaka yangu, hasira ulizokuwa nazo miaka yote hii ni za kweli na una haki nazo, ila zilikosea anwani. Nirudishie mimi, mwenyewe nizipokee. Ukitaka usinijibu barua, usinijibu. Ukitaka jina langu lisitajwe nyumbani kwako mwaka mzima, lisitajwe, nitalia na nitakuelewa. Nimekuibia mguu kwa kutojua, na nimekuibia rafiki kwa kujua, na hilo la pili ndilo linaloniamsha. Mguu siwezi kukurudishia. Yeye anafika tarehe kumi na nne ya Juni, siku ya Jumamosi, baada ya alasiri. Amenenepa, nywele zimekwisha, lakini utamtambua kwa mwendo.

Nisalimie wifi, mwambie nimeshafanya alichoniomba, sivyo alivyotarajia. Nisalimie watoto na majirani wote wa Mchekeni. Mola akuweke na akupe afya, na kama utapata nafasi ndani ya moyo wako kwa ajili yangu, hata iwe ya kusimama tu, mimi nitasimama.

Ni mimi mdogo wako niliyesema nimeshatia,

Mwanamwema