Nguzo ya Baba Bado Imesimama

Kijiji cha Tumul,
Ng'ambo ya mto Lena,
Yakutia.
20 Septemba

Mpendwa Kaka Diulustan,

Pokea salamu zetu, na theluji ya kwanza imeshaanguka. Hujambo? Wifi Rimma kifua chake kimepona? Sisi tunapumua. Saina anaota meno, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala, ujue na mimi nimelala juu yake.

Nakuandikia kwa sababu nyumba ni chumba kimoja, na nikipiga simu Mama anasikia kila neno.

Nyumba inazama, Kaka. Barafu iliyo chini ya ardhi inayeyuka, hasa upande wa shamba la majani. Unakumbuka Baba alivyofyeka misonobari yote pale ili ng'ombe washibe? Tulimpigia makofi. Kumbe miti ile ndiyo iliyokuwa ikiikinga barafu na jua. Sasa shamba ni mashimo matupu, shimo letu la kuhifadhia nyama limejaa maji, na ukuta umeachana na bomba la moshi hadi mkono wangu unapita. Kitanda cha Saina nimekifunga kamba, kinateleza. Jirani yetu Mzee Bahilai kila akipita ananiuliza, "Kunnei, nyumba yenu imepiga magoti, inamwomba nani radhi?" Nacheka. Nikiingia ndani naacha kucheka.

Wewe huko unachimba gesi, mume wangu yuko kwenye dhahabu mpaka Desemba. Sisi tunawasha kuni, na kwa bomba lile hatutaivuka baridi ya nyuzi hamsini chini ya sifuri. Saina hataivuka.

Shangazi Fevronia wa Yakutsk ametupa chumba kwake, huko ng'ambo ya pili ya mto. Lakini pantoni inaacha kuvuka katikati ya Oktoba, na mto ukianza kuganda, barafu yake haibebi gari mpaka Desemba.

Mama hataki kusikia. "Nguzo ya baba yako ikianguka, nitafunga mizigo mwenyewe. Ikiwa imesimama, nyumba hii ina mwenyewe." Ni ile nguzo ya kufungia farasi, aliyoisimika Baba siku ya harusi yao. Unajua haing'olewi, huachwa ianguke yenyewe. Tangu Julai imeinama sana, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naiombea ianguke.

Juzi jioni nilimkuta Mama nje na ndoo, anamwaga maji kwenye shina la nguzo ili usiku yagande, yaishike.

"Mama, unafanya nini?"

"Nanywesha farasi. Kwani huoni?"

Farasi hatuna tangu Baba afe. Ndoo ilikuwa nzito kwake. Nikaipokea, nikamalizia kumwaga.

Basi haitaanguka mwaka huu. Mpigie simu, Kaka, wewe ndiye mkubwa. Usimwambie nguzo ni mti tu. Mwambie unamruhusu kuondoka na kuiacha imesimama.

Usipopiga, tarehe kumi Oktoba nampandisha pantoni pamoja na Saina, hata kama hatanisemesha tena. Sitamzika mwanangu kwa ajili ya nguzo. Nawe siku ukija utaikuta pale pale, imeshikwa na barafu, na nyuma yake hakuna nyumba.

Nisalimie Wifi Rimma na Nurgun, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Moto wa jikoni kwenu usizimike.

Dada yako akupendaye,
Kunnei