Matope ya Kiangazi kwenye Sufuria ya Vitunguu

Jumapili, 23 Februari 1975
Adyero amerudi kutoka Chuo na mashini ya kuchungulia, kaifunga ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Mwaka mzima binti yangu anachota maji ya kinamasi hapa chini Luzira, chupa moja kila mwezi, anahesabu vidudu. Vidudu! Msomi wetu. Nimechungulia. Kwenye matope meusi wamelala wadogo wenye ganda, kimya. Nikasema hawa wamefunga milango kama maduka ya mjini. Amecheka mpaka machozi. Ndivyo wanavyofanya kiangazi, anasema. Mvua ikija wanatokea wengine, wenye manyoya, mbio mbio.
Chupa hii ya Februari ndiyo ya mwisho ya kiangazi. Ikipotea, kazi yake ya mwaka ina shimo. Iko chini ya meza. Nisiiguse!

Jumatatu, 3 Machi
Baba Adyero ametumwa Gulu na lori la askari jela wenzake. Hakuambiwa siku ya kurudi. Siku hizi nikisikia safari, nashinda nachungulia barabara. Yeye kaaga vitunguu vyake kwanza — alivyovipanda kwenye sufuria yangu iliyotoboka, verandani! Nisivimwagilie, eti nitavizamisha.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya ujinga. Jirani Habibah kapita mbio: Mama Adyero, mafuta ya kupikia yamefika, leta chupa! Miezi miwili hatujayaona. Nikashika chupa ya kwanza niliyoiona, ile ya chini ya meza, maji na matope nikamwaga kwenye vitunguu. Nimekumbuka kwenye foleni, chupa imeshajaa mafuta. Banange, jamani!

Alhamisi, 6 Machi
Mvua kubwa imenyesha. Nimeshuka kinamasini kujaza chupa niliyoazima kwa Habibah. Askari mmoja kaniita, mama, unatafuta nini? Dawa ya tumbo, nikasema. Kayatazama maji yale meusi. Pole sana, mama.
Inafanana kabisa. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Machi
Amejua! Kachungulia, kachungulia tena. Mama, hawa wa mvua wameingiaje chupa ya Februari? Wanakimbia kila upande, wananichongea. Nimesema yote. Hakupiga kelele, kakaa tu chini. Afadhali kelele. Halafu: matope yako wapi? Yapo kwenye vitunguu, mvua haikuyafikia! Meusi juu ya udongo mwekundu, yamekauka. Wenye ganda huenda bado wamo, anasema, lakini yakilowa tena sasa wataamka, hesabu imekwisha. Kakimbilia Chuo kumwuliza mwalimu namna ya kuyatoa na kuazima chupa safi. Mtu asimwagilie, afande! kaniagiza. Afande, mimi! Alitabasamu kidogo.

Saa kumi. Lori! Baba Adyero, mzima, vumbi mpaka kope. Nimelia juu ya sare yake. Hata viatu hajavua, kashika kopo lake la maji. Vitunguu vina kiu, anasema. Nitamwambiaje nilivimwagia matope? Nimemkalisha, nimemkaangia mayai matatu kwa yale mafuta. Anauliza leo sikukuu gani. Kula polepole, baba. Wapi! Anakula kama yuko kambini, kopo miguuni. Limebaki yai moja, halafu atanyanyua kopo. Nachungulia barabara, Adyero haonekani —