Maji ya Mvua Kwenye Tangi la Baba Yako

Halifax, Queensland
Machi 9, 2021

Mpendwa mwanangu Silvana,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye matope. Natumaini wewe, Gavin na Mietta hamjambo, na kile kikohozi cha Mietta kimekwisha. Kama bado, achaneni na dawa za dukani, mpeni maziwa ya moto na asali alale. Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, nami nimeacha kubishana nayo. Mvua haijakatika sawasawa tangu Krismasi, barabara ya Ingham imeshafungwa zaidi ya mara moja, na viatu vyangu vyote vimeota ukungu kabatini.

Uliniuliza swali moja ukataka jibu moja: je, baba yako bado anaweza kuishi peke yake, au umkatie tiketi aje Perth akae kwako? Ulisema unaniuliza mimi shangazi yako kwa sababu kaka yako Dario ni mwoga na baba yenu ni mwongo. Yote mawili ni kweli. Mimi nilifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari mpaka nikastaafu, na lori la miwa likipanda pale sikuwa naangalia sura ya dereva. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona, kizuri na kibaya.

Nianze na tangi, maana ndilo lililoleta maneno yote haya. Dario alikupigia simu akasema baba ameua matumbawe yake kwa sababu ameanza kusahau. Wewe tangi lenyewe umeliona kwenye picha tu.

Alilianza baada ya mazishi ya mama yako. Liko kwenye ile veranda ya nyuma tuliyoiziba kwa vioo. Ni pana karibu sawa na meza ya chakula, lakini kina chake ni kifupi, na kina hicho alikipima kwa mkono wake mwenyewe: vidole viguse mchanga, maji yaishie kwenye kiwiko. Bega lake la kulia halinyanyuki tena, na hataki kuomba mtu amwokotee kitu kilichoanguka chini. Matangi marefu anasema ni ya hoteli. Hili lake halitazamwi kwa ubavuni, linatazamwa kwa juu, amekaa kwenye kiti, kama mtu anayechungulia sufuria.

Ndani kuna mchanga mweupe, juu yake mawe, na juu ya mawe ndiyo matumbawe. Mengine yana umbo la vidole, moja lilikuwa kama kabichi, na lingine ni la kijani lenye minyiri mirefu inayochezacheza. Pampu mbili zinasukuma maji huku na huku, kwa sababu tumbawe likikaa kwenye maji yaliyosimama linakufa. Kulikuwa pia na samaki wachache wadogo, kamba mmoja mwekundu, na konokono wa kula mwani unaoota kwenye kioo. Hao konokono baba yako Aurelio alikuwa akiwaita wafanyakazi wake, na akilalamika kwamba wanafanya kazi taratibu kuliko wakataji miwa wa zamani.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, anapima joto la maji na chumvi yake. Kila Jumamosi anachota sehemu ya maji na kurudishia mengine ya bahari, ambayo huletewa na Lorna Pryce wa Forrest Beach. Lorna ni mjane mwenye tangi kama hilo, na ndiye aliyemfundisha. Kabla hujaniuliza, hapana, hakuna kitu kati yao. Nimeshachunguza.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Tangi pana na fupi linakauka haraka kwa joto letu hili. Maji yanakwenda, chumvi inabaki. Kwa hiyo lazima ujazie maji yasiyo na chumvi, la sivyo bahari yako inazidi kuwa kali siku hadi siku. Maji ya mji yana dawa, kwa hiyo Lorna alimfungia chujio chini ya sinki, na akawa anatumia hayo bila matatizo.

Mafuriko ya mwezi wa pili yalipokuja, maji ya mji yakageuka rangi ya chai na lile chujio likaziba. Vipuri havikupatikana. Aurelio akafanya ambacho ningefanya mimi, na ambacho ungefanya wewe hata baada ya miaka yote hiyo huko Perth: akafungua bomba la pili pale jikoni, lile la maji ya mvua.

Unajua tulivyo. Bibi yako alipolazwa Townsville alipelekewa maji ya mvua ya tangi la nyumbani kwa chupa, kwa sababu ya hospitali alisema yana ladha ya daktari. Mtu wa hapa akinywa maji ya mji kwa hiari yake anaulizwa kama anaumwa. Mgeni kutoka Sydney angesita kwanza na kuuliza kama ni salama. Sisi haituingii akilini kuuliza.

Konokono ndio walioanza. Waliachia kioo mmoja mmoja wakalala mchangani. Kisha kamba akaonekana amelala ubavu. Halafu matumbawe yakajifunga, na yale ya vidole yakaanza kuvua ngozi na kubaki meupe. Jumapili hiyo Dario akafika na keki, akachungulia, akaishiwa rangi.

"Baba, umetia nini humu?"

"Maji."

"Maji gani? Hukutia sabuni kweli? Si ulikuwa unaosha vyombo?"

"Dario, mimi nimeosha vyombo wewe hujajua hata kushika kijiko. Hebu nipishe nione."

Dario akatoka uani na simu yake. Hiyo ndiyo simu uliyoipokea. Angesubiri kidogo asingekuwa na habari ya kukupa, au angekuwa na nyingine.

Baba yako alivuta kiti akakaa, mikono magotini, akatazama kwa juu kwa muda mrefu hata kahawa niliyokuwa nimeteleka ikachemka na kumwagika.

"Samaki ni wazima," akasema.

"Ndiyo, nawaona. Kwa hiyo?"

"Samaki wazima, konokono wamekufa. Nives, baba alikuwa anatia nini kwenye birika la kunyweshea farasi konokono wakizidi?"

"Mrututu, ile dawa ya buluu."

"Basi ndiyo hiyo. Mrututu ni shaba."

Akainuka kwa kushika ukingo wa tangi, akaenda jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki. Lile bomba la maji ya mvua ni la shaba tupu. Babu yako alilifunga mwenyewe, na alikuwa akiwafungulia wageni kabati ili waone viungio vyake. Maji ya mvua yakilala ndani ya bomba yanakula shaba kidogo kidogo. Mtu hayamdhuru sana, lakini konokono na tumbawe hawavumilii hata chembe.

Lorna alikuja kesho yake na vichupa vyake vya kupimia. Alidondoshea maji matone, akatikisa, akainua juu kwenye mwanga.

"Mzee wangu Aurelio," akasema, "shaba iliyomo humu unaweza kuiyeyusha ukafua sufuria."

"Utanunua?"

"Na wewe haya ndiyo unayokunywa?"

"Mimi si konokono."

Nimemwagiza awe anaacha maji yatiririke kwanza kabla ya kujaza birika la chai. Anajifanya amesahau ili nikasirike. Huko ndiko kusahau kwake.

Waliyabadilisha maji tena na tena, wakatumbukiza mfuko wa dawa inayonyonya madini, na baadhi ya mawe wakayatupa kwa sababu yalikuwa yameshaingiwa na shaba. Matumbawe ya vidole yamekufa yote. La kabichi limekufa nusu. Lile la kijani lilikaa limejikunja kama soksi chafu, nami nilikuwa nimeshalitoa katika hesabu. Juzi lilitoa minyiri michache, mifupi. Nilikuwepo. Baba yako alipenga kamasi akaenda kukata nyasi, na ilikuwa inanyesha.

Kwa hiyo kuhusu kichwa, Dario amekosea. Dawa zake Aurelio anakunywa kwa wakati, gesi anazima. Mara moja aliniita kwa jina la mama yako, lakini hata mimi huwa namwita Dario kwa jina la mbwa. Kosa la shaba halikuwa la mtu aliyesahau. Lilikuwa la mtu anayekumbuka kwao mno.

Ila usifurahi bado, mwanangu. Nilikuahidi upande wa pili.

Ndoo za maji ya bahari ni nzito. Wakati wa kuyabadilisha hayo maji, Lorna alizishusha mlangoni akaondoka, na baba yako hakutaka kunisubiri. Nilitoka misa, nikanywa kahawa na akina mama ukumbini kama kawaida, nikapita kwake na sahani ya nyoki za viazi. Nikamkuta amekaa sakafuni verandani, miguu ameinyoosha, mgongo umeegemea meza ya tangi, ndoo imelala pembeni.

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Napumzika."

"Aurelio."

"Tangu kengele ya kanisa."

"Kengele ya kuingia au ya kutoka?"

Akanyoosha mkono akaisimamisha ndoo. Ilikuwa ya kuingia. Alikuwa amejaribu kuinuka, viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Suruali yake haikuwa imelowa maji ya bahari peke yake. Hilo naliandika mara moja, na wewe usimwambie kamwe kwamba unalijua. Nilimwinua kwa shida kwa kutumia kiti, tukaanguka wote wawili mara ya kwanza, tukacheka. Nilipofika nyumbani kwangu sikucheka tena. Niliogopa, Silvana. Nimwache saa za misa tu na hali iwe hivyo!

Tangu hapo ninapita kwake asubuhi na jioni, na Lorna analeta maji kwenye madumu madogo. Lakini mimi mwenyewe nina miaka sabini na mbili. Nikimwinua tena huenda tukahitaji mtu wa tatu wa kutuinua.

Kwa hiyo kichwa kizima, miguu haipo. Hivyo ndivyo mizani ilivyosoma. Jumanne iliyopita nikamweleza baba yako kwamba umeniandikia na unachouliza, maana sipendi mtu azungumziwe kama gunia. Alikuwa anafuta kioo cha tangi kwa kile kitambaa chake. Nilitegemea atapiga kelele.

"Hana adabu huyu mtoto," akasema. "Ana tangi?"

"Nani?"

"Silvana. Huko kwake, ana tangi la matumbawe?"

"Ana bwawa la kuogelea."

"Hilo ni la klorini. Mwambie aweke tangi. Fupi, pana, mahali pasipopigwa na jua la mchana. Aweke mchanga, mawe, maji ya bahari, afungue pampu. Asitie kiumbe chochote."

"Hata samaki?"

"Hata mmoja. Maji mapya yanaua. Atayaona yanageuka kahawia, atadhani yameharibika, atataka kuyamwaga. Ndivyo alivyo, hana subira, kama wewe. Asiyamwage. Yatageuka kijani, halafu yatajisafisha yenyewe. Hapo ndipo anipigie."

"Akupigie umwambie nini?"

"Nije nitie konokono wa kwanza."

Nikamuuliza kama ana maana ya kwenda kutembea au kwenda kukaa. Akaendelea kufuta kioo pale pale palipokuwa pameshatakata.

"Vitu hivi havitiwi majini halafu mtu akaondoka, Nives," akasema. "Vikiingia, lazima mtu awepo."

Nilikwenda nikaosha vikombe. Ni kaka yangu peke yake aliyebaki, na nyumba hizi mbili zimetazamana tangu mimi nilipoolewa na yeye alipooa. Sitaki aende. Naliandika hili usije ukadhani nimepima bila upande. Nilikuwa na upande, na haukuwa wako.

Sasa jibu langu. Usimkatie tiketi bado, mwanangu. Nunua mchanga.

Msalimie sana Gavin, na mwambie tangi la maji ya bahari ni zito, akague sakafu kwanza. Mbusu Mietta mashavu yote mawili. Dario akikupigia usimgombeze. Alileta keki nzuri, na alikuwa na hofu ya mtoto kwa baba yake. Lorna naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu awalinde katika nyumba yenu, awape afya, na akupe wewe ile subira ambayo baba yako anasema huna.

Mimi shangazi yako, nikupendaye siku zote,

Nives