Vidonge Ulivyomtumia Kaka

Nyumbani kwa Fundi,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Daktari,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na baridi ya huko imeanza kukuachia mifupa. Habari za kazi? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku tunapumua. Nimekusalimu kama mama alivyotufundisha, usije ukasema sina adabu. Sasa nisikilize.

Kaka ana saratani ya utumbo mpana. Majibu ya kinyama alichokatwa yalitoka Jumanne, na Alhamisi ijayo anaingia chumba cha upasuaji. Daktari wa hapa, yule aliyesomea udaktari, anasema ugonjwa haujafika kwenye ini, ila umekaa humo mwaka mzima au zaidi.

Huo mwaka unaukumbuka? Ndio ule kaka alipokuandikia kwamba anaona damu chooni. Hakumwambia mkewe, hakuniambia mimi, maana kwetu mambo ya choo hayasemwi mezani wala sebuleni. Alikuandikia wewe kwa sababu ndiwe Daktari wetu. Nawe ukamjibu kurasa tatu.

Nimezisoma. Shemeji yako alizikuta kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na nyuzi. Umeandika vizuri, sikunyimi hiyo sifa. Bakteria wa tumboni, wazuri na wabaya, jinsi wabaya wanavyouchokoza utumbo mpaka ukatoa damu, na jinsi wazuri wakiongezwa watakavyowafukuza wenzao. Ukatuma na vidonge vya hao wazuri, makopo sita. Mimi mwenyewe ndiye niliyevichukua posta, nikavikumbatia njia nzima kama nimebeba kichanga. Nikikumbuka najichukia.

Kaka akameza asubuhi na jioni. Damu ikipungua wiki moja, anajiambia dawa ya mdogo wake inafanya kazi. Ikirudi, anajiambia bakteria wanapigana. Suruali zake zilipoanza kumpwaya akazipunguza kiuno, akazipunguza tena, na tena, yeye fundi anayejua kiuno cha kila mtu mtaani kwa kumtupia jicho tu. Mkewe alipomuuliza, akasema kitambaa kimelegea.

Hospitali nilikwenda naye. Daktari alilishika kopo lako, akaligeuzageuza, akauliza ni nani aliyemwandikia. Kaka akajibu kwa fahari, amelala pale na dripu mkononi:

"Mdogo wangu. Naye ni daktari."

"Daktari wa nini?"

Kaka akanigeukia mimi nijibu. Ningesema nini? Kwamba unaosha chupa za maabara? Ni kazi ya halali na hakuna anayeidharau. Lakini ulipotuma ile picha umevaa koti jeupe, tukakuita Daktari kwa utani, na wewe ukaitika. Miaka kumi na moja unaitika.

Yule daktari hakusema kwamba umetunga yote. Alisema ni kweli wapo bakteria wanaokutwa wameng'ang'ania kwenye uvimbe wa namna hii, na baadhi yao wanadhaniwa kuchangia kuuanzisha. Wataalamu bado wanafuatilia. Ila mtu anayetoa damu hatibiwi kwa barua, anapimwa. Mpira mwembamba wenye kamera, nusu saa, basi. Mwaka jana huenda kingekutwa kijinyama tu, kikakatwa hapo hapo, na kesho yake kaka akafungua duka. Nusu saa, ndugu yangu. Zile kurasa tatu zilikuchukua muda mrefu zaidi.

Nina hasira nawe. Nina hasira na nafsi yangu pia. Kaka hana hasira na mtu. Ameniagiza nisikutajie habari ya vidonge, usije ukaumia roho. Nimemkatalia.

Tena sijamaliza. Daktari anataka ndugu wote wa tumbo moja tupimwe, maana ugonjwa huu mara nyingine hutembea kwenye familia. Mimi nilipimwa Ijumaa, niko salama. Umebaki wewe. Na hapo ndipo nilipozichukua tena kurasa zako, nikafika mstari wa mwisho kabisa. Umemwandikia kaka: "Usiogope, hata mimi navimeza hivi hivi, na vimenisaidia."

Vimekusaidia nini, mdogo wangu?

Usinijibu kwa kurasa tatu. Nenda kapimwe, kisha niandikie neno moja, nitaridhika.

Shemeji yako anakusalimu, ingawa kukuandikia mwenyewe kwa sasa hataki. Shangazi yetu anakusalimu na anawabusu watoto. Kaka anakusalimu kuliko wote. Bado anakuita Daktari. Mimi nimeacha. Mungu amtoe salama Alhamisi, na wewe akufunike huko uliko mpaka niufikie mkono wako niufinye kwa hasira zote hizi.

Akupendaye hata leo,
Dada yako.