Kwa Yaya Profesa, Aliyetaka Kuuza Shamba la Nyakabere

Yaya Profesa,

Naambiwa, kaka yangu, huko Ulaya unafundisha namna mali ya nchi maskini inavyokua na namna inavyogawanywa. Hongera. Huku Songo tunakucheka.

Unakumbuka kwetu? Mama akipata samaki wa mukeke, kipande cha katikati kilikuwa chako. Minye nilichovya bugali kwenye mchuzi. "Yaya yako anasoma," mama alisema, nami nikaridhika. Nilitolewa shule ili weye uvuke mpaka ukasome Bujumbura. Sikukuonea wivu. Niliwatambia wenzangu kwamba ndugu yangu atakuwa mtu.

Kweli ukawa. Mwaka jana ulirudi, ukahutubia ukumbi mzima wa wanafunzi, suti imekubana na jasho linakutiririka. Ulisema nchi ambayo mwanamke hana ardhi haitatoka kwenye umaskini. Wakapiga makofi. Nilikuwa nyuma kabisa, nimevaa kitenge changu cha sikukuu, nikalia kwa fahari. Mjinga mimi.

Kesho yake ukaenda Nyakabere na mnunuzi wa shamba la marehemu baba, lile ninalolilima tangu mume wangu afariki, linalolisha wanangu. Baba mdogo akakuuliza, "Na dada yako, atalima wapi?" Ukamjibu bila hata kunitazama: "Ule aliolewa. Mashamba iko ya batoto banaume." Niliona aibu kwa ajili yako, maana weye huna. Mdomo wa ukumbini mwingine, wa nyumbani mwingine.

Ukapanda ndege ukidhani yamekwisha. Umesoma mpaka umesahau kwenu. Shamba letu haliuzwi mpaka watu wa nyumba wanywe kasikisi, pombe ya ndizi, na mnunuzi kutoka mtungi mmoja. Akikataa mmoja, hakuna mwenye akili atakayetia jembe pale. Mnunuzi akaleta pombe yake Jumamosi, wakanywa. Mrija ulipofika kwangu, nikaupitisha kwa jirani. Hakuna aliyenilazimisha. Mnunuzi akabeba mtungi wake akaenda zake.

Ndipo ukapiga simu, mara ya kwanza tangu uondoke. Hukuuliza hali ya watoto. "Weye unazuia maendeleo," ukanifokea. "Kunywa tu, ile ni desturi ya kizamani." Ajabu, yaya. Desturi ya kuninyima shamba haikuwa ya kizamani.

Usidhani nakuchukia. Ninakudharau tu, na dharau hiyo umeitafuta mwenyewe kwa miguu yako. Watu wakinisifia kaka yangu msomi, sasa nabadilisha mazungumzo.

Usinitumie tena mnunuzi. Baba mdogo na minye tumelipima shamba kwa kamba, tukaligawa pasu kwa pasu. Upande wangu nimepanda muhogo. Upande wako unaota majani. Njoo uulime.

Mdogo wako wa tumbo moja