Darasa la Jioni la Nadupoi

Nainokanoka,
6 Novemba 1983

Dada Eliapenda,

Sweta limefika, naandika nimelivaa. Baridi ya huku haina adabu, na sabuni hakuna hata dukani. Mwambie mama kikohozi kimepungua.

Umeniuliza kuhusu lile darasa langu la jioni, la watoto waliofika la sita bila kujua kusoma. Lipo. Ila Nadupoi hayupo. Ni yule niliyekuambia amerudia la sita mara mbili, ukimpa kitabu anatoa macho tu. Mwezi wa pili nilimkuta nyuma ya jiko la shule akiwasomea wadogo zake kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, bila kukwama popote. Nilivyo mjinga, nikafurahi. Nikakimbia kumwambia mwalimu mkuu, naye akamwingiza la saba siku hiyo hiyo.

Kumbe baba yake alishapokea ng'ombe wa mahari. Alikuwa anangoja tu amalize shule, maana mwanafunzi haozwi. Amemaliza mwezi wa tisa. Juzi wamempeleka Arash, kwa mzee mwenye wake watatu. Alipokuja kuniaga hakulia. Alisema, "Mwalimu, mimi nilijua kusoma tangu la tatu."

Sasa yuko mwingine, Nengai. Anakwama kwenye neno "baba," halafu ananiangalia usoni. Sijamuuliza kitu. Jana nimejaza ripoti yake kwa wino: hajui kusoma, arudie.

Hapo usimsomee mama.

Mdogo wako,
Ndeshi