Baba Neema, Akaunti ya Mtoto Haina Kitu

Mpenzi Baba Neema,

Huku Kanada, hapa Flemingdon Park, hatujambo, ila mimi moyo hautulii. Neema amepata nafasi chuo kikuu, uuguzi, kama alivyotaka tangu mdogo. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta. Halafu nikaingia bafuni kulia, maana sebuleni mtoto alikuwa anamwambia rafiki yake kwamba ada haimpi shida, baba yake alimwekea tangu yuko mgongoni.

Unaikumbuka siku tulipoifungua akaunti yake? Theluji imejaa, wewe umemficha mtoto ndani ya koti lako, kichwa tu kinachungulia. Dada wa benki akatueleza kwamba tukiweka chetu kwa ajili ya masomo yake, serikali itaongeza chake, na faida haikatwi kodi ikiwa humo ndani. Weee, kanisani nani alipumua kwa majigambo yako? "Malkia mwenyewe anamchangia mwanangu!" Nilikupenda sana siku ile, sikufichi.

Kisha baba yako akafariki Musoma. Ndugu zako wakapiga simu: "Mtu yuko Kanada, mzee azikwe kama asiye na watoto?" Wakataka matarumbeta, mahema, ng'ombe, jeneza la vioo. Ulishikwa na aibu, ukaenda benki peke yako. Walikuonya kwamba ukitoa kwa jambo lisilo shule, mchango wa serikali unarudi serikalini. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama Neema, tulia. Ni kama mchezo wenu wa kina mama wa kupeana pesa, nikikwama nachukua, nikipata narudisha." Jamani! Kwenye mchezo wetu tunajuana, tunasubiriana. Wewe ulizitoa zote, serikali ikachukua chake, na akaunti ikafungwa.

Mzee alizikwa vizuri, nimeona video. Wewe ukabaki huko Musoma kuangalia boma, ukasema ni miezi michache tu, na sasa mtoto amenipita urefu. Mazishi hayanikasirishi, yule mzee alinipenda. Kinachonikasirisha ni kwamba kila Jumapili mnacheka na Neema kwenye simu, yeye kwa Kiingereza, wewe kwa Kiswahili, halafu unaaga bila kuligusa jambo hilo. Unaniachia mimi kuitazama sura yake.

Shule ataenda. Mkopo wa wanafunzi upo, na mimi nitaongeza zamu hata nikilala nimesimama. Lakini jana aliniambia Ijumaa twende benki pamoja, atavaa gauni zuri, nimpige picha mlangoni akutumie useme asante kwa Mungu. Nikamwambia gauni nitalipiga pasi.

Sitamwambia mimi, na sitamwacha aambiwe kwenye dirisha la benki na mtu asiyemjua. Mpigie kabla ya Ijumaa, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Akilia, usikate simu.

Ni mimi, mkeo bado,
Mama Neema